Katuni ya Herufi Kubwa

Naomba nicheke mimi kwanza ndipo ninyi mfuate, maana aibu niliyoipata siku ile ilinikuta nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya jumuiya nzima, watu wamekaa kwenye viti nilivyowaazimia kwa majirani, na nikiwaacha mwanze ninyi kucheka sitaweza kuimaliza hii habari. Mpaka leo nikipita gulioni Mugoma kuna watu wazima wenye wajukuu wananiita "Mwenyekiti Zima Taa", na mimi naitika, nitafanyaje.

Nianze na binti yangu Adela, kwa sababu yote yalitokea kwa ajili yake, ingawa yeye hana kosa hata la kusingiziwa. Adela alikuwa Darasa la Pili na kusoma kulikuwa kumemshinda. Siyo kwamba hana akili (mtume dukani, atakuletea ulivyomwagiza, na chenji, na habari zote za familia ya mwenye duka), ila sisi nyumbani tunaongea Kihangaza, Kiswahili anakikuta shuleni, na kuna siku alisimamishwa mbele ya ubao asome, akakwama katikati ya neno, wenzake wakacheka darasa zima. Basi tangu hapo mdomo ukafungika. Ukimwambia soma, anaangalia vidole vya miguu yake mpaka umwonee huruma umwambie nenda ukacheze.

Mwalimu wake, Madam Goreti, akaniita shuleni. Aliongea na mimi kwa upole, lakini alichosema hakikuwa chepesi: mambo yakiendelea hivyo mtoto atakariri darasa, na akikariri akachekwa mara ya pili, huenda ndiyo ikawa basi, kitabu hatakishika tena kwa hiari yake.

"Mtafutie vitabu vya katuni, Baba Adela," akaniambia. "Picha nyingi, herufi kubwa, maneno machache. Asome peke yake bila kuangaliwa na mtu. Ila umchagulie vizuri, viwe vya umri wake."

Nikasikia picha. Nikasikia herufi kubwa. Nikasikia maneno machache. Hilo la umri nadhani nililisikia nikiwa nimeshageuza baiskeli.

Siku ya gulio nikapeleka maharage yangu, na nilipomaliza nikaenda kwa kijana mmoja anayetandika turubai kati ya wauza viatu vya mitumba na wauza majembe, anauza vitabu na magazeti ya zamani. Nikachuchumaa pale nikachambua kama ninachagua mbegu. Nikapata viwili vya katuni. Kimoja kilikuwa cha sungura anayefundisha wenzake kunawa mikono, kizuri, lakini kila ukurasa umejaa maandishi madogo madogo, nikasema huyu sungura anaongea sana, atamchosha mtoto wangu. Cha pili kwenye jalada kilikuwa na jogoo aliyevaa miwani, amesimama juu ya pipa la maji, anacheka mpaka machozi yanamruka. Nikakifungua katikati kwa kidole gumba. Herufi kubwa! Maneno mawili hapa, matatu pale! Nikajiona mimi ni mzazi ninayejua kuchagua.

"Hiki kinafaa?" nikamuuliza yule kijana.

"Mzee, hicho ndicho kinachotoka," akasema. "Hata watu wazima wanakigombania."

Jamani, mtu anakwambia kitabu unachompelekea mtoto wa miaka minane kinagombaniwa na watu wazima, na wewe badala ya kushtuka unafurahi! Mimi nilifurahi. Nikasema kumbe ni cha ubora. (Msinitetee kwa kusema labda sikuwa na miwani ya kusomea. Ni kweli niliisahau nyumbani, lakini zile herufi hata ng'ombe angeziona. Sikusoma kwa sababu niliona katuni ni katuni, mambo ya watoto, sasa mimi, mwenyekiti wa jumuiya, nisimame gulioni katikati ya watu nasoma habari za jogoo, watanionaje?)

Nilipofika nyumbani, ili kitabu kisichakae, nikakifunika. Hapa kwetu kitabu cha mtoto hakiendi bila kufunikwa, na karatasi nzito niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, nikaikata vizuri, nikakunja kona, na ikaangukia kwamba picha ya Familia Takatifu ikakaa juu kabisa, katikati, Yosefu kulia na Maria kushoto. Jogoo na pipa lake wakabaki chini ya karatasi. Mke wangu akanisifu, akasema safari hii nimetulia.

Na Adela alivyokipokea! Alikishika kwa mikono miwili, akakinusa, akaondoka nacho bila kusema kitu mpaka kule migombani nyuma ya nyumba. Baadaye kidogo nikasikia sauti. Nilikuwa nachonga mpini wa jembe, nikauacha. Sauti ndogo, inapanda silabi moja moja, inakwama, inarudi nyuma, inapanda tena. Nikataka kwenda, mke wangu akanishika mkono.

"Usimkaribie," akaninong'oneza. "Akikuona atanyamaza."

Tukakaa pale, mimi na yeye, tunasikiliza mtoto wetu anasoma kwa mbali, maneno hatuyapati ila sauti tunaipata, na siwafichi, macho yangu yalilowa. Ikawa hivyo kila jioni. Hakuna aliyemsogelea, hakuna aliyeuliza anasoma nini. Tulimheshimu kabisa, na heshima yetu ndiyo iliyotumaliza.

Wiki hiyo jumuiya ilikuwa kwangu. Mnajua utaratibu, jioni watu wanakuja nyumba yenye zamu, tunasali, linasomwa Neno, tunashirikishana, kisha matangazo. Na kwa kuwa wazee wetu wengine Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu na sokoni, kwenye jumuiya yetu mwenyekiti akishasikia somo analieleza tena kwa Kihangaza, kituo kwa kituo, ili hata mama yangu mzazi, Bibi Kandida, asibaki ameduwaa. Kazi hiyo ni yangu na ninaipenda, maana nikieleza mimi huwa naongeza na chumvi kidogo.

Siku hiyo nilikuwa nimejawa na majivuno. Katekista Projestus yupo, majirani wote wapo, na mimi kwenye kushirikishana nikasimama nikaongea kwa uchungu kuhusu malezi. Nilisema wazazi wa siku hizi tumelala. Nilisema kila mzazi ajiulize, mtoto wangu anasoma nini, anaangalia nini. Nilisema takataka haziingii nyumbani zenyewe, zinabebwa na mtu. (Nilisema hivyo, nikiwa na suti.) Watu wakatikisa vichwa, Mama Jovina, jirani yetu wa upande wa kisima, akasema, "Kweli kabisa, mwenyekiti." Nikanogewa. Badala ya kukaa nikaongeza:

"Na mimi nina shukrani. Binti yangu Adela, mnajua shida aliyokuwa nayo. Sasa anasoma."

Mke wangu akanikazia macho, yale macho ya kusema nani kakutuma. Lakini Katekista alikuwa ameshafurahi.

"Deo gratias, Mungu ashukuriwe! Basi atusomee kidogo, tumtie moyo."

Hapo nikaona nimekosea. Adela alikuwa amekaa mkekani pembeni ya bibi yake, na kichwa kikaanza kuinama kwenda kwenye vile vidole vya miguu. Watu wakamsubiri. Nikasema moyoni, wewe mwanamume, umechukua kile mtoto alichokipata kwa shida kule migombani umekileta sebuleni kujitafutia sifa, na akikwama hapa, mbele ya hawa wote, umemmaliza. Nilikuwa nafungua mdomo niseme tutamsikia siku nyingine. Adela akainuka. Akaingia chumbani. Akatoka na kitabu amekikumbatia kifuani, na Yosefu na Maria wanawatazama watu.

"Ah! Na ni kitabu cha dini," akasema Katekista.

Nilipaswa kusema siyo. Nikatabasamu.

Adela akasimama katikati, akafungua, akaweka kidole.

"Jo-go-o. Jogoo. A-me-o-na. Jogoo ameona."

Watu wakaguna kwa furaha. Mama Jovina akapiga kofi dogo. Mimi nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Mu-me. Mume wa-ngu. Ha-yu-po. Njo-o."

Nikafikiri labda ni mume wa kuku.

"I-ngi-a. Ingia ha-ra-ka. Vu-a vi-a-tu."

Mtu mmoja akakohoa. Katekista akainua macho kwenye dari akayaacha hukohuko. Mimi jasho lilianzia mgongoni, nalikumbuka lilikoanzia.

"Fu-nga mla-ngo. M-pe-nzi. Mpenzi, zi-ma ta-a."

Nikasimama. Nia yangu ilikuwa moja, kukinyakua kile kitabu na kukitupa hata kwenye moto wa jikoni. Na Adela alipoona nimesimama akainua uso akaniangalia. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amesoma kurasa nzima mbele ya watu bila kukwama, na alikuwa ananiuliza kwa macho, Baba, si ninasoma? Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nikauona uso ule, nikajua nikichukua kitabu hiki sasa hivi, mtoto hataelewa habari za mume wala za taa, ataelewa kwamba amesoma vibaya.

"Endelea, mwanangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba sana.

Nikawageukia watu. Niliwaangalia tu, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kuomba kwa macho kama nilivyoomba mimi. Wote walikuwa wanajua yaliyompata Adela darasani. Na jamani, wale majirani zangu, Mungu awabariki, hawakucheka! Mama Jovina alikunja upindo wa kitenge akajijazia mdomoni. Baba Respisi, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akainuka akasema anakwenda kuangalia mbuzi, akatoka, na mimi mbuzi sifugi. Vijana wa nyuma waliinamisha vichwa kama wanaosali sala nzito, mabega tu ndiyo yalikuwa yanacheza.

Nikadhani tumepona. Ndipo nikahisi kitu kinanichoma mbavuni, fimbo ya mama yangu.

"Mbona hunielezi?" akauliza kwa Kihangaza, kwa nguvu, maana masikio yake yamechoka. "Mjukuu wangu anasoma na mimi nabaki hapa kama jiwe. Eleza!"

"Mama, nitakueleza baadaye."

"Ya Katekista unaeleza hapo hapo, ya mjukuu wangu ni baadaye?"

Watu wote wakanigeukia. Sasa niwaulize, ninyi mngefanyaje? Mama ndiye aliyenizaa, kazi ya kueleza ni yangu, na mtoto amesimama na kidole kwenye ukurasa ananisubiri nieleze kama somo la kweli. Nikajikohoza.

"Kuna mwanamke," nikaanza, "mume wake amesafiri. Amepata mgeni. Amemkaribisha ndani."

"Vizuri," akasema Mama.

"Amemwomba avue viatu. Asichafue nyumba."

Nikasikia mtu nyuma yangu anatoa sauti ya kandambili iliyokanyagwa kwenye maji.

"Na taa?" akauliza Mama. (Taa anaijua. Katika maneno yote ya Kiswahili, mama yangu anaijua taa!) "Nimesikia taa."

"Wameizima, Mama. Wanatunza chaji ya sola."

Mama akatikisa kichwa taratibu, ameridhika kabisa.

"Huyo mwanamke amelelewa vizuri," akasema. "Mtoto asome."

Sijui walizuiaje. Katekista alikuwa ameshika rozari kwa mikono miwili na shingo imevimba. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango, amejifunika kanga uso mzima, na mimi nilishindwa kujua kama analia kwa hasira au ni yale yale ya wenzake. Adela akafunua ukurasa. Na hapa akafanya kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya: hakukata silabi. Aliangalia picha, akaangalia maneno, akavuta pumzi, akasoma kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kweli:

"Ni mume wangu! Ingia kwenye pipa!"

Mama Jovina akashindwa. Mdomo ulikuwa lazima ufunguke, na alipoona unafunguka akauelekeza kwenye vigelegele. Alipiga vigelegele vya harusi. Wengine nao wakapata pa kutokea, wakapiga makofi, wakapiga miguu, wakasimama, machozi yanawatoka, na Baba Respisi akarudi mbio kutoka kwa wale mbuzi akipiga makofi kuliko wote. Adela alisimama katikati ya kelele zile amekumbatia Familia Takatifu, meno yote nje. Bibi yake akamvuta akamkalisha mapajani, mtoto mkubwa vile.

Katekista akasubiri watulie, akajifuta uso kwa leso.

"Tumshukuru Mungu," akasema, "kwa sauti ya huyu mtoto." Akameza mate. "Kwa sauti tu."

Matangazo siku hiyo hayakutangazwa.

Watu walipoondoka mke wangu akakichukua kile kitabu, akakisoma chote akiwa amesimama, akafika mwisho, akakaa chini kwenye kigoda akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akakipandisha juu ya kabati, akanigeukia, akaniambia maneno ambayo nayahifadhi kwa ajili yangu mwenyewe. Alikuwa na haki. Keshokutwa yake nilipokwenda shuleni kumweleza Madam Goreti, nikakuta habari imeshatangulia, maana alinipokea akiwa ameziba mdomo kuzuia kicheko. Lakini hakunisimanga. Alinikalisha akanionyesha, pole pole kama anavyowafundisha wadogo, kwamba herufi kubwa hazimaanishi kitabu ni cha mtoto, kwamba nikishike kitabu nisome mimi mwanzo mpaka mwisho, nijiulize kama mtoto anayajua haya mambo yanayosemwa, kama picha inamsaidia kulipata neno, na kama ningeweza kukisoma kwa sauti mbele ya mama yangu.

"Hilo la mwisho nimeshalijaribu," nikamwambia.

Tangu hapo nimeapa, na kiapo nakishika. Kila gulio nachuchumaa pale kwenye turubai nasoma katuni moja baada ya nyingine, miwani puani, midomo inacheza, na watu wanapita wananiita jina langu jipya, wanauliza mwenyekiti leo umepata ya sola? Nawapungia mkono, naendelea kusoma. Yule sungura wa kunawa mikono nilimrudia, na kumbe haongei sana kama nilivyomsingizia.

Lakini sijawaambia ya jioni ile ile ya jumuiya, watu walipokwisha kuondoka. Tulikuwa tunakula, ndizi na maharage, mimi nimeinamia sahani najionea aibu, mke wangu amenyamaza asije akaanza tena kucheka. Adela akaja na sahani yake akakaa karibu yangu.

"Baba," akaniuliza, "yule mwenye kofia aliingia kwenye pipa kwa nini?"

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, nilitaka kusema walikuwa wanacheza kombolela, ule mchezo wa kujificha. Ndipo nikaelewa kilichotokea. Huyu mtoto alikuwa hajawahi hata siku moja kuniuliza juu ya kitu alichokisoma. Alikuwa anaimba silabi tu, zinapita. Leo kuna mtu ndani ya kitabu, na yeye anamfikiria.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

Akafikiri, anachora kwa kidole kwenye mchuzi wa maharage.

"Aliogopa watu watamwona." Akala kidogo. "Mimi leo wameniona wote, na sikuogopa."

Mke wangu akageukia upande wa jikoni. Mimi nikamwambia ale, chakula kinapoa.